Shangazi, nikifungwa watoto wangu watabaki na nani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 34, nakaa kijiji kimoja huku wilaya ya Newala. Nina watoto watatu. Wa kwanza binti, yupo kidato cha pili. Wa pili wa kiume, ana miaka tisa na ana ugonjwa wa sikoseli. Wa tatu ana miezi minane, bado ananyonya. Baba yao alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta maisha, na tangu huyu mdogo akiwa tumboni hatujasikia hata salamu yake.

Sikufichi kitu. Msimu uliopita wa korosho nilikuwa naokota mabibo kwenye mashamba ya watu, mengine nakamua uraka, ile pombe nyepesi ya mabibo, mengine napika nipa, yaani gongo ya mabibo. Nina mikorosho yangu michache aliyoniachia marehemu baba, lakini sikuweza kuipulizia salfa kwa sababu hela yote iliishia kwenye matibabu ya mtoto, kwa hiyo ghalani sikupeleka kitu cha maana. Nipa ndiyo iliyolipa nauli za kliniki, madaftari na unga. Polisi walikuja kwenye msako alfajiri, wakakuta madumu mawili na mtambo wenyewe jikoni. Usiku uliofuata nililala kituoni na mtoto kifuani. Asubuhi mjomba wangu, kaka yake mama, alikuja kunidhamini.

Kesi ipo mahakama ya mwanzo. Niliposomewa shitaka nilikana, kwa sababu mwanamke niliyekutana naye mahabusu aliniambia ukikubali tu unafungwa palepale. Sasa nimepangiwa tarehe ya kurudi na tangu hapo silali.

Kila mtu ana lake la kunishauri. Mmoja anasema nitafute hela nimpe kijana fulani anayejuana na watu wa mahakamani. Mwingine anasema nivuke nimfuate mume wangu, kesi itakufa yenyewe. Jirani yangu anasema siku ya hukumu niwabebe watoto wote watatu, nikae nao mbele nilie, hakimu naye ni mzazi. Na wifi yangu wa Dar es Salaam ameshapiga simu kwamba nikifungwa atakuja kumchukua binti akamsaidie kazi za nyumbani, na mvulana apelekwe kwa bibi yake mzaa baba. Bibi mwenyewe haoni vizuri, na hajawahi kumpeleka kliniki hata siku moja. Mjomba anasema watoto wa ukoo wake hawatoki, lakini naye ni mzee na nyumba yake imejaa. Kuna na mtu mzima mmoja hapa kijijini ameanza kutuma salamu kwamba yuko tayari "kumsitiri" binti yangu. Yule mtoto bado anavaa sare za shule, Shangazi.

Naomba uniambie ukweli. Ipo sheria inayomlinda mama mwenye watoto wadogo asipelekwe jela? Na siku hiyo niwachukue watoto au niwaache?

Mama Watatu, Newala

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na ahsante kwa kusema mambo kama yalivyo. Nami nitakujibu hivyohivyo.

Hapa Tanzania hakuna sheria inayosema mama mwenye watoto wadogo hafungwi. Atakayekuambia ipo anakupumbaza. Kilichopo ni sheria zinazompa hakimu uwezo wa kukupa adhabu nyingine badala ya jela, na nyingine inayomtaka awaangalie watoto anapoamua jambo linalowagusa. Ila hakimu hakai kijijini kwenu. Hajui kama una mtoto anayenyonya wala kama kuna mwenye sikoseli, mpaka aelezwe na aoneshwe. Kazi yako kuanzia leo ni kumfikishia habari hiyo kwa njia ya mahakama, mapema, ikiwa na ushahidi mkononi.

Kosa lako halikufungii mlango. Yapo makosa ambayo sheria imeyawekea adhabu ya lazima, na hapo hakimu hana la kuchagua hata akikuhurumia. Wizi wa kutumia silaha, kwa mfano, ni miaka 30. Lako haliko kwenye kundi hilo. Tena mahakama ya mwanzo kwa kawaida haiwezi kumfunga mtu zaidi ya miezi 12. Nakutajia hili kwa sababu Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inawahusu watu wa aina yako hasa: waliotiwa hatiani kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, au ambayo mahakama yenyewe imeona miaka mitatu au pungufu inatosha. Mtu wa namna hiyo, hakimu anaweza kuamuru atumikie adhabu yake nje, kwa kufanya kazi ya umma bila malipo. Anafagia zahanati, analima bustani ya shule, anapanda miti, anasafisha ofisi ya kata. Kwa kawaida ni saa 4 kwa siku, kisha anarudi nyumbani. Hizo saa 4 mwanangu ndizo zinazotenganisha mtoto anayenyonya na mtoto aliyeachishwa ziwa kwa nguvu.

Huduma kwa jamii siyo njia pekee. Ipo amri ya uangalizi, ambayo watu wameizoea kwa jina la probesheni: unabaki nyumbani chini ya macho ya afisa, unaripoti kwake, unafuata masharti yaliyowekwa na mahakama. Vilevile kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kumwachia mtu kwa sharti la kutotenda kosa lolote ndani ya muda usiozidi miezi 12. Na ipo faini. Faini huku kwetu ni mtihani mwingine, maana wengi wanaoingia gerezani kwa makosa madogo wanaingia kwa kukosa hela ya kulipa. Ukitozwa na hauna, usikae kimya. Mwombe hakimu palepale akupe muda.

Sasa kuhusu watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 4(2), inasema maslahi bora ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na imezitaja mahakama kwa jina. Juu ya hapo, nchi yetu iliridhia mwaka 2003 Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Kifungu cha 30 cha mkataba huo kinazungumzia mama wajawazito na mama wenye watoto wachanga na wadogo wanaoshtakiwa au kutiwa hatiani: nchi zihakikishe adhabu isiyo ya kifungo inafikiriwa kwanza kila mama wa namna hiyo anapohukumiwa. Neno ni "inafikiriwa kwanza". Halimlazimishi hakimu kukuachia, lakini linakupa haki ya kusimama mbele ya hakimu na kuomba lifikiriwe.

Wapo akina baba wanaolea peke yao watakaoisoma safu hii na kujiona wamesahaulika. Hawakusahaulika. Mwaka 2013 kamati ya Afrika inayosimamia mkataba huo ilitoa maelezo juu ya kifungu hicho cha 30, ikasema kinamhusu pia baba au mlezi mwingine yeyote ambaye ndiye mtoto anamtegemea kwa malezi ya kila siku. Bibi anayelea wajukuu, kaka mkubwa anayelea wadogo zake, wote wamo.

Nikupe na mfano wa wenzetu, maana umenisaidia hata mimi kulielewa jambo hili. Afrika Kusini, mwaka 2007, Mahakama ya Katiba ilisikiliza kesi ya mama wa watoto watatu aliyetiwa hatiani kwa udanganyifu wa fedha. Haikuwa mara yake ya kwanza. Uamuzi uliandikwa na Jaji Albie Sachs. Mahakama ilisema kabla hakimu hajamfunga mtu lazima ajue kama huyo ndiye mlezi mkuu wa watoto, kifungo kitawafanya nini hao watoto, na kama hakuna budi afungwe, nani atawatunza. Na pale ambapo adhabu zaidi ya moja zinafaa, ichaguliwe ile isiyowaumiza watoto zaidi. Yule mama hakurudishwa gerezani. Aliwekwa chini ya uangalizi, akapewa kazi za kijamii, akatakiwa kuwarudishia fedha aliowadanganya. Huko Marekani nako, jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria mwaka 2018: mlezi mkuu wa mtoto akiomba, mahakama haiwezi kumfunga kabla ya kuandika kwamba imeipima hali yake ya ulezi na kueleza kwa nini bado inaona jela ndiyo inayofaa. Hukumu za huko hazimfungi hakimu wa Newala. Lakini natamani maswali ya Jaji Sachs yaulizwe katika kila mahakama ya mwanzo nchi hii, yaandikwe kwenye jalada la kesi. Kwa nini tusijue, kabla ya mlango kufungwa, nani anabaki na watoto?

Turudi kwako. Jambo la kwanza ni shitaka lenyewe. Kukana ni haki yako na hakuna wa kukuadhibu kwa hilo. Lakini kama umefanya kweli, kuendelea kukana kwa hofu ya maneno ya mahabusu kunakuharibia. Unaruhusiwa kubadili jibu lako, na anayekiri mapema kwa kawaida hupunguziwa. Kabla ya kufanya hivyo mwone msaidizi wa kisheria, hawa waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza walipo. Huduma yao ni bure. Mpe hati ya mashtaka aisome nawe neno kwa neno. Kama wameandika lita ambazo hukuwa nazo, au kitu ambacho hakikukutwa kwako, usiseme "ndiyo" kwa jumla. Kubali lililo kweli, kataa lisilo kweli.

La pili ndilo kubwa, na ndipo watu wengi wanapoteza nafasi yao. Mtu akishatiwa hatiani, hakimu humuuliza kama ana la kusema kabla ya adhabu. Tumesikia mara ngapi jibu la "Naomba mahakama inihurumie, nina familia inanitegemea"? Hakimu anaisikia sentensi hiyo kutoka kwa kila mshitakiwa, mwenye watoto na asiye nao. Haina uzito kwa sababu haina kitu ndani. Wewe usiseme hivyo. Sema kitu kama hiki, kwa maneno yako na bila haraka:

"Mheshimiwa Hakimu, kosa nimelifanya na nimelikiri. Ni kosa langu la kwanza. Nina watoto watatu ninaowalea peke yangu. Mdogo ana miezi minane, ananyonya. Wa katikati ana sikoseli, na mimi ndiye ninayempa dawa na kumpeleka kliniki. Mkubwa yupo kidato cha pili. Vielelezo vyao hivi hapa. Naiomba mahakama, kabla ya kutoa adhabu, iagize taarifa ya uchunguzi wa kijamii kutoka kwa afisa probesheni. Na ikiona inafaa, inipe adhabu ya huduma kwa jamii badala ya kifungo. Niko tayari kuitumikia hapahapa kwetu."

Jifunze maneno hayo mpaka yakae kichwani, na uyaandike kwenye karatasi utakayokwenda nayo. Siku hiyo ulimi unaweza kukauka.

Vielelezo ni hivi, na uanze kuvikusanya wiki hii: vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, na kama yupo asiye nacho, kadi yake ya kliniki, daftari la kliniki la mvulana, pamoja na barua ya daktari au mganga wa zahanati inayosema anaumwa nini, anatumia dawa gani na nani humleta. Barua hii usiiache kabisa. Mtoto wa sikoseli akipata homa au maumivu ya ghafla anatakiwa afike hospitali upesi, na anayejua dalili zake ni wewe. Acha daktari aliseme hilo kwa kalamu yake, lina uzito kuliko machozi yako. Kisha barua ya mkuu wa shule ya binti kwamba ni mwanafunzi na wewe ndiye mzazi anayefika shuleni. Kisha barua ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti inayoeleza kwamba mnaishi wenyewe na baba wa watoto hayupo. Piga nakala za vyote, za mahakama na za kwako.

Afisa probesheni yuko chini ya Idara ya Huduma za Uangalizi ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mahakama ikimwagiza, atakuja mpaka nyumbani, ataongea na wewe, majirani, uongozi wa kijiji, na atamwandikia hakimu kama unafaa kutumikia adhabu nje. Si lazima umsubiri aje. Nenda ofisini kwake kabla ya tarehe yako, jitambulishe, mwambie kesi yako ni namba fulani na utaiomba mahakama iagize taarifa. Ukiambiwa hayupo, mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye kwa vyovyote utamhitaji kwa ajili ya watoto. Akija nyumbani usimfiche chochote. Usiseme nipa ilikuwa ya mtu mwingine, usiseme mume anatuma hela kama hatumi. Kijijini hakuna siri. Atauliza nyumba ya pili na kuambiwa, na ukishaonekana mwongo kwa moja, hata la sikoseli litatiliwa shaka.

Atakuuliza pia utaishi kwa nini baada ya hapa. Hapo mwanangu lazima tuseme waziwazi: mtambo usirudi jikoni. Siyo tu kwa ajili ya hakimu. Ukikamatwa tena huku unatumikia adhabu ya nje, mahakama inaweza kuifuta amri yake na kukupeleka gerezani, na safari hiyo hata mimi sitakuwa na la kukuandikia. Najua nipa ilikuwa inalipa nauli ya kliniki, na kumwambia mtu aache bila kumwonesha pa kushika ni maneno matupu. Mabibo yenyewe yana thamani nyingine. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, hapo karibu na Mtwara mjini, kimekuwa kikifundisha vikundi vya akina mama kutengeneza juisi na jamu ya mabibo. Kubangua korosho kwa mkono ni kazi ambayo akina mama wengi wa Newala na Tandahimba wanaijua. Na halmashauri zina mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne kati ya hizo ni za wanawake walio kwenye vikundi. Mkopo hautapatikana kabla ya hukumu, hilo nalijua. Lakini mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata, uingie kwenye kikundi sasa hivi, na barua ya kikundi iwe kati ya karatasi zako. Hakimu anataka kuona mtu aliyeanza, hatosheki na ahadi.

Kuhusu kuwachukua watoto mahakamani: mdogo nenda naye, maana ananyonya na siku ya mahakama huwa ndefu. Usimtumie. Mwache na ndugu nje mpaka atakapotaka ziwa. Wale wawili waache shuleni. Jirani yako ana nia njema, lakini mtoto wa miaka tisa hapaswi kusikia mama yake anaitwa mkosaji mbele ya watu huku akitazamwa kama kielelezo. Isitoshe, mvulana mwenye sikoseli kukaa kutwa kwenye benchi, bila maji ya kutosha, kwa wasiwasi ule, ni kumtafutia maumivu. Barua ya daktari itamwakilisha.

Huyo kijana anayejuana na watu wa mahakamani mkimbie. Atachukua hela yako ya kliniki. Ukiachiwa atasema ni yeye, ukifungwa atasema hazikutosha. Na ukikubali, umeongeza kosa la rushwa juu ya kosa la nipa. Msumbiji nako usiende. Ukiruka dhamana, hati ya kukukamata itatolewa, mjomba wako aliyekuwekea dhamana atabanwa yeye, na siku utakayokamatwa hakuna hakimu atakayekuamini ukisema utatumikia adhabu ukiwa nyumbani. Adhabu ya nje inajengwa juu ya jambo moja: kwamba mtu huyu akiambiwa njoo, anakuja. Kufika kwako kila tarehe, kwa wakati, ni ushahidi tayari.

Sasa binti. Hili nimelisoma mara mbili na limeniuma kuliko yote. Watu wanazungumza kifungo cha mama, kumbe mtoto wa kidato cha pili ndiye anayegawanywa tayari, huyu anamtaka kwa vyombo vya kuosha, yule kwa kitanda. Mwite mjomba, wakae na wazee wawili wa upande wa mama, na wifi aelezwe kwa simu akiwa anasikia kila mtu: mtoto haondoki shuleni, hata mama akifungwa. Kwetu huku kusini neno la mjomba kwa watoto wa dada yake bado lina nguvu, litumieni. Na huyo mtu mzima anayetuma salamu, mwambieni mapema kwamba Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Mkuu wa shule na afisa ustawi wa jamii wajue jina lake leo. Binti mwenyewe mpe namba 116, simu ya mtoto, haina gharama, aishike kichwani.

Pangeni na la mvulana, kwa maandishi, mbele ya afisa ustawi. Nyumba ya mjomba imejaa, sawa, lakini kuna mtu mmoja kwenye ukoo anayeweza kuhamia kwako akawalea watoto palepale, wakabaki na shule yao na kliniki yao. Mtafuteni. Mtu huyo aende nawe kliniki safari ijayo, aoneshwe vidonge vya foliki asidi, aambiwe maji mengi, aambiwe homa haingojewi mpaka asubuhi. Ni afadhali mpango huu uwepo usitumike. Hakimu naye akiuliza watoto wako wapi ukiwa zahanati unafagia, utakuwa na jibu.

Iwapo pamoja na hayo yote utahukumiwa kifungo, mtoto anayenyonya anaruhusiwa kuingia na mama yake gerezani, na baada ya kuachishwa ziwa hukabidhiwa kwa ndugu. Ndiyo maana lazima ndugu huyo awe amejulikana kabla. Na hukumu siyo mwisho. Kutoka mahakama ya mwanzo unakata rufaa mahakama ya wilaya ndani ya siku 30, na unaweza kuomba dhamana wakati rufaa inasubiri. Omba nakala ya hukumu siku ileile. Rufaa yako inaweza kuwa juu ya adhabu peke yake: kwamba uliomba taarifa ya uchunguzi wa kijamii, uliweka vielelezo vya watoto, na mahakama haikuvipima. Ndiyo maana nimekwambia useme kwa sauti na uhakikishe karatasi zako zimepokelewa na kuandikwa kwenye jalada. Kisichoandikwa hakina rufaa.

Anza na barua ya daktari, maana ndiyo inayochukua muda. Halafu afisa probesheni. Mjomba umwone jioni hiihii.

Shangazi